Kutoka chubwi la mvuvi hadi waya wa sumaku: mwongozo kamili wa kusoma muundo wa ndani wa aloi za supakondakta

Chubwi la risasi ambalo mvuvi wa Shela hulifunga kwenye mshipi wake ni supakondakta. Kinachokosekana ni baridi tu. Lishushe hadi kelvini 7.2, yaani karibu sentigredi 266 chini ya sifuri, na ukinzani wake wa umeme unatoweka. Haupungui, unatoweka. Ukianzisha mkondo kwenye pete ya risasi iliyo baridi namna hiyo, mkondo huo utazunguka bila betri.

Nilipowaambia hayo vijana wangu wa darasa la jioni hapa Lamu, mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, basi mbona ile mashine ya hospitali ya kupiga picha kwa sumaku haitengenezwi kwa machubwi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, mtu aliyegundua jambo hili mwaka 1911 kwenye zebaki, alijikwaa palepale. Mwaka 1913 alikuwa na ndoto ya kusuka koili ya risasi itakayotoa uga mkubwa wa sumaku bila kupoteza umeme. Koili ilipoanza kutoa uga mdogo tu, usupakondakta ukafa. Risasi safi haivumilii zaidi ya tesla 0.08 hivi (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Mashine nyingi za hospitali zinafanya kazi kwenye tesla 1.5.

Jibu la yule kijana limo ndani ya metali, kwenye mambo usiyoyaona kwa macho: punje (fuwele ndogondogo zilizoshikana), mipaka ya punje, mashapo ya metali nyingine, mikunjo iliyoachwa na nyundo. Mwongozo huu ni wa mtu asiye na heliamu ya maji, ile inayoleta baridi hiyo, wala matumaini ya kuipata, ila ana tupa, msasa, jiko na subira. Hutapima usupakondakta Lamu. Utakachoweza ni kujizoeza kuutazama muundo wa ndani wa aloi, yaani metali zilizochanganywa, na kujua utafanya nini siku ile aloi itakapotiwa baridi.

Hatua ya 1: Tenganisha mipaka mitatu

Anayechanganya haya matatu atapotea mapema. Supakondakta yoyote ina kiwango cha joto kisichovukwa, uga wa sumaku usiovukwa, na mkondo usiovukwa. Ukipita mmoja tu, metali inarudi kuwa ya kawaida.

Kiwango cha joto ni tabia ya mchanganyiko wenyewe, na muundo wa ndani hauna sauti kubwa hapo. Philip Anderson alionyesha mwaka 1959 kwamba uchafu usio wa sumaku haukishushi sana. Uchafu wenye sumaku, kama chembe za chuma, ni habari nyingine: huo unaua. Uga usiovukwa unategemea zaidi vile atomi ngeni zilivyotawanyika ndani ya metali. Mkondo ndio unaotawaliwa na muundo wa ndani karibu kabisa. Vipande viwili vya aloi ileile, kutoka chungu kimoja, vyenye kiwango kilekile cha joto, vinaweza kutofautiana mara nyingi sana katika mkondo vinavyobeba, kwa sababu kimoja kimevutwa na kupashwa moto na kingine hakikuguswa.

Miaka ya 1930 wakubwa wa fani walidhani aloi zinavumilia uga mkubwa kwa kuwa zina kasoro ndani, kama sifongo la nyuzi nyembamba. Lev Shubnikov na wenzake huko Kharkiv, Ukraine, walitengeneza fuwele zisizo na kasoro za aloi ya risasi na metali ya thali, wakaona uvumilivu ule uko palepale. Kwa hiyo uvumilivu wa uga haukuletwa na sifongo la kasoro; atomi ngeni zilizotawanyika sawasawa zilitosha. Alexei Abrikosov alieleza sababu mwaka 1957, akaja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Shubnikov hakufika huko. Aliuawa na serikali ya Stalin mwaka 1937.

Hatua ya 2: Pima vurugu za atomi kwa barafu ya samaki

Hili ni jaribio langu nilipendalo kuliko yote, na gharama yake ni ndogo kuliko kilo ya changu.

Tafuta waya mwembamba wa shaba wenye rangi ya kuhami, ule unaotolewa kwenye mota ya feni iliyoungua. Chukua mita 40 za waya wa milimita 0.2, uuzungushe kwenye kijiti. Kisha tafuta koili ya kupashia joto kutoka jiko la umeme bovu. Hiyo kwa kawaida ni aloi ya nikeli na kromi. Usiitumbukize uchi majini, maana maji yetu yana chumvi na yatapitisha umeme. Tia kila koili kwenye chupa ya jemu yenye mafuta ya kupikia, ncha zikiwa nje.

Weka chupa kwenye karai la barafu iliyopondwa na maji kidogo. Subiri hadi namba kwenye multimita itulie. Mafuta ni mazito, usiwe na haraka. Gusanisha ncha za mita peke yake kwanza, andika namba inayotokea, uitoe kwenye kila kipimo. Kisha hamishia chupa kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, uipashe polepole hadi yachemke. Ukiitoa kwenye barafu na kuitia moja kwa moja kwenye maji ya moto, itapasuka.

Shaba itakupa kama ohm 20 kwenye barafu na kama 28 kwenye maji yanayochemka. Aloi ya jiko haitatikisika, mabadiliko yake ni madogo mno. Kwa nini? Kwenye shaba, elektroni hukwazwa zaidi na mtetemo wa joto, hivyo ukiongeza joto unaongeza vikwazo. Kwenye aloi, elektroni imeshajigonga kwenye atomi ngeni kila inapogeuka, na mtetemo wa joto unaongeza kidogo tu juu ya fujo iliyokuwapo.

Fujo hiyo ndiyo siri ya uga wa juu. Elektroni zikikwazwa kila mara, umbali ambao hali ya usupakondakta inahitaji ili ijiunde unafupika. Kwenye risasi safi umbali huo ni kama nanomita 83 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwenye aloi ya niobi na titani, ile ya waya wa mashine za hospitali, ni karibu 5. Umbali ukifupika, metali inajifunza kuishi na uga wa sumaku ndani yake badala ya kuukataa wote halafu kushindwa ghafla. Waya wako ukionyesha mabadiliko madogo kati ya barafu na maji moto, umeona tabia ya aina hiyo kwa macho yako.

Hatua ya 3: Elewa visulisuli kabla ya kushika msasa

Hapa ndipo penye uzito wote, basi nitakaa kidogo.

Uga unapoingia kwenye aloi ya supakondakta hauingii kama maji kwenye mchanga. Unaingia kwa nyuzi nyembamba. Kuzunguka kila uzi, mkondo wa umeme unazunguka kama kisulisuli, na katikati kabisa ya kisulisuli metali si supakondakta. Kila kisulisuli kinabeba kiasi kilekile cha sumaku, hakuna kikubwa wala kidogo. Uga ukiongezeka, idadi ndiyo inayoongezeka, na vinasogeleana. Kwenye tesla 1 vimeachana kama nanomita 49, kwenye tesla 5 kama nanomita 22. Unywele wa mtu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita, basi jaza mwenyewe.

Sasa pitisha mkondo kwenye waya. Mkondo unavisukuma visulisuli kwa ubavu. Vikianza kutembea vinazaa volti, volti inazaa joto, na joto linaua usupakondakta. Fuwele safi ya aloi, isiyo na kasoro hata moja, itavumilia uga mkubwa lakini haitabeba mkondo wa maana, kwa sababu hakuna kinachovizuia visulisuli visiteleze.

Simama gatini wakati wa kusi uangalie mashua zilizotia nanga. Upepo unazisukuma zote sawa. Iliyotia nanga kwenye mchanga laini unaiona inaburura nanga yake taratibu kuelekea kisiwa cha Manda. Ile ambayo nanga yake imeshika mwamba haiendi popote. Kasoro ndani ya metali ndizo miamba. Kisulisuli kinapenda kukaa mahali ambapo metali tayari si supakondakta, kwa sababu katikati yake lazima iue usupakondakta, na kuua kuna gharama. Kikikuta mahali palipokwisha kufa, hakilipi. Kukiondoa hapo unalazimika kukilipia gharama hiyo upya.

Basi maswali yako mbele ya aloi yoyote ni haya: kasoro zina ukubwa gani ukilinganisha na kitovu cha kisulisuli, na zimeachana kiasi gani ukilinganisha na visulisuli vyenyewe? Mwamba mmoja mkubwa kama kisiwa hausaidii mashua mia moja. Punje ya vumbi nayo haishiki nanga. Unataka miamba mingi, midogo, iliyopangana karibu na mpangilio wa mashua. Watu wengi hudhani metali nzuri ni ile safi. Kwa kazi hii, metali safi ni bahari isiyo na mwamba.

Hatua ya 4: Zoeza jicho kwa vitu vya nyumbani

Kabla ya asidi na hadubini, tazama ndoo mpya ya bati au karatasi la mabati lenye yale maua ya kumetameta. Kila ua ni punje ya zinki iliyokua wakati zinki ilipoganda juu ya chuma, na mstari kati ya maua mawili ni mpaka wa punje. Zinki nayo ni supakondakta, chini ya kelvini 0.85. Kisha tafuta kitasa cha shaba ya manjano kwenye mlango wa nyumba ya zamani, kilichoshikwa na mikono kwa miaka mingi. Jasho lina chumvi, linakula metali polepole, na mara nyingine linaziacha punje wazi kabisa, vipande vya pembepembe vinavyong'aa kwa zamu ukigeuza kichwa. Siwa ya shaba iliyo kwenye makumbusho ya Lamu itazame kwa macho tu. Usinitafutie matatizo.

Hatua ya 5: Tengeneza sampuli mbili za lehemu

Nunua waya wa lehemu wenye risasi, ulioandikwa 60/40 au 63/37. Siku hizi nyingi hazina risasi, basi soma kibandiko. Lehemu hii yenyewe ni supakondakta karibu na kelvini 7, na inafundisha jambo moja vizuri sana: bati na risasi zinapoganda pamoja zinajitenga na kujipanga kwa tabaka, moja ya risasi, moja ya bati. Unene wa tabaka unaamuliwa na kasi ya kupoa.

Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Yeyusha kwenye kopo la chuma. Kwenye sentigredi 183 itaanza kulegea. Mimina nusu juu ya fuawe baridi la mhunzi au kipande kinene cha chuma. Nusu nyingine mimina kwenye shimo dogo la mchanga mkavu uliopashwa moto, ufunike kwa mchanga wa moto, ulale. Mchanga uwe mkavu kweli. Tone la maji chini ya risasi iliyoyeyuka linairusha usoni.

Kusugua ndiko kunakowashinda wengi. Risasi ni laini, inapakaza badala ya kukatika, na punje za msasa zinajichomeka ndani yake. Tumia msasa wa maji daima, kuanzia namba 400, kisha 600, 1000 na 2000, ukisugua chini ya maji yanayotiririka na bila kukandamiza. Usisugue ikiwa kavu hata mara moja: vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Vaa glavu, na maji ya kusugulia yasiende kwenye mtaro wala kisimani; yaache yatuame, mashapo yake yatie kwenye kopo lenye kifuniko.

Kila ukibadilisha namba ya msasa, geuza kipande robo mzunguko. Nalijua hili kwa aibu. Mara ya kwanza niliwaita vijana waje waone tabaka nzuri zilizonyooka kama mistari ya daftari, nikahubiri dakika kumi, mpaka mmoja akageuza kipande na kuuliza kwa upole mbona mistari inapita pia juu ya mkwaruzo wa tupa. Ilikuwa mikwaruzo ya msasa. Tabaka za kweli hazinyooki hivyo. Zinapinda, zinakatika, zinakutana kwa makundi kama mkeka uliosukwa na watu tofauti.

Maliza kwa kitambaa laini chenye dawa ya kung'arishia metali. Kisha uso unahitaji kuliwa kidogo na asidi. Kazi hii ni ya maabara, mwalimu akiwepo: asidi ya nitriki sehemu 2 kwa spiriti safi sehemu 98, asidi ikiingizwa tone kwa tone ndani ya spiriti, siyo kinyume chake. Tengeneza ya kutosha leo tu, wala usiifungie kwenye chupa. Sekunde chache zinatosha; osha, kausha. Risasi itakuwa nyeusi, bati litabaki jeupe. Kama huna maabara, achana na lehemu, chukua kipande cha shaba na kloridi ya feri wanayotumia mafundi wa elektroniki. Utaona punje badala ya tabaka, na somo halipotei.

Hadubini ya shule inamulika kutoka chini, na metali haipitishi mwanga. Weka kioo chembamba cha kufunikia sampuli kwa mshazari wa nyuzi 45 chini ya lenzi, umulike tochi kutoka ubavuni. Kioo kitaushusha mwanga wima juu ya metali. Kile cha mchangani kitaonyesha tabaka nene za wazi. Cha kwenye fuawe kitakuwa laini mno, pengine usione tabaka hata moja. Chungu kimoja, mchanganyiko mmoja, na tofauti yote imeletwa na kasi ya kupoa.

Hadubini ya mwanga haioni kitu kidogo kuliko nanomita 200 hivi. Miamba inayoshika visulisuli ni midogo kuliko hapo, inahitaji hadubini ya elektroni. Ulichokiona ni kaka mkubwa wake.

Kabla hujaacha risasi, lipige chubwi kwa nyundo. Shaba ukiipiga inakuwa ngumu na inabaki ngumu mpaka uitie moto. Risasi inajiponya yenyewe kwenye joto la kawaida la Lamu: punje zilizovurugwa zinazaliwa upya na ulaini unarudi. Hata ukiitia kasoro kwa nyundo, haizihifadhi. Aloi za niobi zinazihifadhi.

Hatua ya 6: Soma mapishi ya niobi na titani

Waya ulio ndani ya mashine nyingi za hospitali ni aloi ya niobi yenye titani karibu asilimia 47 kwa uzito. Ukifuata mapishi yake utaona kila hatua inatengeneza miamba.

Aloi inayeyushwa na kusawazishwa hadi iwe na mchanganyiko sawa kila mahali. Inatiwa ndani ya shaba, inasukumwa na kuvutwa kupitia matundu madogo na madogo zaidi. Kuvuta kunajaza metali mikunjo na mipaka ya punje. Kisha inapashwa moto kati ya sentigredi 375 na 420, kwa makumi ya saa. Kwenye joto hilo titani ya ziada inajitenga na kutua kama mashapo kwenye mipaka ileile. Inavutwa tena, inapashwa tena, mara tatu au zaidi, hadi mashapo yafike karibu asilimia 20 ya ujazo. Mwisho kabisa inavutwa sana bila moto, na mashapo yaliyokuwa na upana wa nanomita 100 au 200 yanabanwa na kukunjwa kuwa utepe wa nanomita chache tu, ukubwa unaolingana na kisulisuli. Angalia mpangilio: moto kwanza, kuvuta baadaye. Ukimalizia kwa moto, mashapo yanabaki mapana na waya unapoteza nguvu.

Waya mzuri wa namna hii hubeba karibu ampea 3,000 kwa kila milimita ya mraba ya aloi, kwenye tesla 5 na kelvini 4.2. Waya wa shaba wa nyumba yako hubeba ampea kama 10 tu kwa eneo hilo. Kwenye mashine ya kukimbizia chembe ya CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya, yenye mzingo wa kilomita 27, sumaku 1,232 za kukunjia miale ya chembe hizo zimesukwa kwa aloi hii, zikapozwa hadi kelvini 1.9 ili zifike tesla 8.33, na kila uzi wa aloi ndani ya waya una unene wa mikromita 6 au 7.

Hatua ya 7: Usihamishe kanuni moja kila mahali

Niobi ikiungana na bati kwa atomi tatu kwa moja, kiwango cha joto kinapanda hadi kelvini 18, na mwaka 1961 John Kunzler na wenzake wa maabara ya Bell, Marekani, walionyesha kwamba inabeba mkondo mkubwa hata kwenye tesla 8.8. Hapo miamba ni mipaka ya punje yenyewe, basi unataka punje ndogo, za nanomita 100 hadi 200. Ukizidisha moto punje zinakua na mkondo unaanguka. Tena kitu hiki kinavunjika kama kigae, ndiyo maana koili husukwa kwanza, halafu ndipo inapopikwa kwa siku kadhaa kwenye sentigredi 650 hivi.

Kauri za shaba na oksijeni, zinazofanya kazi juu ya baridi ya naitrojeni ya maji, ni kinyume kabisa. Mpaka wa punje huko ni pengo. Punje mbili zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi, mkondo unaovuka kati yao unaporomoka. Mtu aliyezoea niobi na bati akisikia punje ndogo atafurahi. Mwenzake wa kauri atashika kichwa.

Hatua ya 8: Soma jedwali la mtu mwingine

Ukipata vipimo vya sampuli kadhaa, anza na kiwango cha joto. Kama hakibadiliki toka sampuli hadi sampuli lakini mkondo umepanda mara tatu, kilichobadilika ni muundo wa ndani. Kama vyote viwili vimehama, mchanganyiko wenyewe umeguswa. Kataa namba yoyote ya mkondo isiyotaja uga na baridi iliyopimiwa, na uulize kama eneo lililogawiwa ni la aloi peke yake au na shaba yake. Kisha zidisha mkondo kwa uga kwenye kila nukta uchore: mchoro unapanda, unafika kilele, unashuka. Urefu wa kilele ni nguvu ya miamba yote pamoja, na mahali kilipo kilele panadokeza miamba ni ya aina gani.

Sampuli zako za lehemu zipige picha siku hiyohiyo uliyozing'arisha, uandike kando ya kila picha ilivyopoa na msasa wa mwisho. Zifungie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na mchele mkavu uliochomwa kidogo. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: nilikiacha kipande dirishani Alhamisi, na Jumatatu kilikuwa kijivu kitupu, tabaka zote zimezama.